Nataka kuvaa majasi ya bibi, lakini sikio limevimba. Niendelee?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, fundi cherehani hapa Ujiji. Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu vyake mimi nilipewa majasi yake mawili ya fedha. Ni mapambo ya ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, yale ya zamani, ya mviringo, yamebonyea katikati kama kigurudumu cha uzi wa cherehani. Picha ya bibi akiwa ameyavaa ipo moja tu, imetundikwa sebuleni kwa mjomba. Ndewe zimejaa fedha na shingo imesimama kama ya mtu anayejua anatazamwa.

Dada yangu anaolewa wiki saba zijazo. Nikaapa siku hiyo nitayavaa.

Masikio yangu yalitogwa nikiwa mchanga, kwa sindano na uzi, matundu ya hereni za kawaida tu. Nilizungusha uzi kwenye kiuno cha jasi nikaulaza kwenye futi, nikapata sentimita mbili na nusu. Nikaanza kupanua kwa njiti ya kiberiti. Baadaye nikaagiza Dar es Salaam seti ya vipembe vya plastiki, vyembamba mbele na vinene nyuma, vimeandikwa milimita 2 mpaka 10. Cha 3 kiliingia bila shida. Cha 4 nikaona kinanipotezea muda, nikaruka hadi cha 5. Nilipaka mawese ili kiteleze, nikang'ata kanga, nikasukuma. Kulia kikaingia. Kushoto nilisikia kitu kama uzi unakatika, na damu ikatoka kidogo.

Leo ni siku ya tisa. Kushoto kumevimba, na nyuma ya tundu kumetokeza kinyama chekundu kama pete. Kinatoa maji, mara nyingine kitu cheupe kizito. Asubuhi naweka spiriti, usiku mawese, na jirani alinipa kapsuli za rangi mbili nikazifungua nikanyunyizia unga wake. Kulia hakuumi, ila kunanuka kama maziwa yaliyolala.

Mama hataki hata kuniangalia. Anasema, "Bibi yako alitogwa na wazee wake wakimtazama. Wewe umejitoboa chumbani mlango umeufunga." Kwake huu ni uhuni wa mitandaoni. Rafiki yangu anasema nivumilie, nikitoa sasa tundu litaziba na nitaanza upya.

Shangazi, niendelee? Kwa wiki saba nitafika? Na siku nikibadili mawazo, masikio yatarudi yalivyokuwa?

Mwenye Majasi, Ujiji

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba wa bibi.

Kabla hujafika chini ya ukurasa huu, nenda kanawe mikono kwa sabuni na utoe hicho kipembe cha kushoto. Taratibu, usikivute kwa hasira. Kama kimeganda, lowanisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa mpaka gamba lilainike. Pahali pake rudisha kitu chembamba na laini, hereni yako ya zamani ambayo haijawahi kukuwasha inatosha kwa leo. Tundu usiliache tupu kabla hujaonwa. Kama ndani kuna usaha, ngozi ya juu inaweza kufunga mlango na usaha ukabaki humo unapika jipu.

Kisha kesho nenda kituo cha afya. Maji maepesi yanayokauka na kuwa gamba ni kawaida kwa tundu lililopanuliwa juzi. Kitu cheupe kizito, pamoja na uvimbe siku ya tisa, si kawaida. Waache wao waamue kama unahitaji dawa, na waulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki mara ya mwisho uliipata lini. Ukipata homa, au wekundu ukianza kutambaa shavuni, au maumivu yakipanda kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, usingoje kesho wala keshokutwa. Nenda siku hiyo hiyo, hata hospitali ya Maweni. Ndewe ni nyama laini yenye damu ya kutosha na hupona haraka. Gegedu haina mishipa yake ya damu, na likiingiwa na maambukizi sikio linaweza kukunjamana moja kwa moja.

Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha kusafishia vidonda, kwa hiyo hicho kinyama kama pete nakijua. Tundu la sikio lililopona lina ngozi ndani yake, kama bomba dogo lililofunikwa pande zote. Ukisukuma kitu kinene kuliko bomba linavyoweza kuachia, ngozi ya ndani inachanika, halafu ile inayobaki inasukumwa na kumwagikia upande wa nyuma. Ndicho ulichokisikia kikikatika. Ukikiacha kipembe humo, kinyama kinabaki nje, kinapona kikiwa nje, na utatembea na mdomo wa pili nyuma ya sikio. Ukishusha ukubwa mapema, mara nyingi kinarudi ndani chenyewe kwa wiki kadhaa. Rafiki yako anakushauri uvumilie kana kwamba maumivu ni nauli ya safari. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na la kwako bado linasikia, ndiyo maana linauma.

Sasa hayo madawa yako. Spiriti acha. Inaua vijidudu, kweli, lakini inaua pia ngozi changa inayojaribu kuziba ufa, na inakausha mpaka ngozi inapasuka upya. Unga wa kapsuli za rangi mbili acha kabisa. Zile dawa zimetengenezwa zimezwe kwa kipimo na kwa siku maalumu. Ukinyunyizia juu ya kidonda, unga unagandamana na maji unafanya tope, na chini ya tope hakuna anayejua kinachoendelea. Sijui ni masikio mangapi nimeyafuta tope hilo la njano, na kila mwenye sikio aliniambia alipewa na jirani.

Mawese nayapenda kwenye maharage. Kwenye kidonda, hapana. Yanakamuliwa vizuri hapa kwetu lakini hayakukamuliwa yawe safi kwa ajili ya nyama iliyo wazi, ni mazito, yanashika vumbi, na rangi yake itakuficha usione kama kinachotoka ni usaha au mafuta.

Kinachotakiwa ni maji ya chumvi, basi. Bora zaidi ni yale yaliyo tayari ya duka la dawa, ya asilimia 0.9, yale ya dripu. Lowesha kitambaa safi cha gozi, kile cha kufungia vidonda, weka mbele na nyuma ya ndewe dakika tano, asubuhi na jioni, kisha kausha kwa kugusagusa. Ukikosa, chemsha maji, pima robo ya kijiko cha chai cha chumvi safi kwa glasi moja ya mililita 250, yapoe kidogo, tumia siku hiyo hiyo na kesho utengeneze mengine. Robo kijiko, mwanangu. Najua tunaishi jirani na Uvinza na chumvi hatuionei uchungu, lakini maji makali yanachoma kidonda sawasawa na spiriti.

Ile harufu ya kulia haina ubaya. Ni mafuta ya ngozi na ngozi iliyokufa vimekaa pamoja bila kuoga. Kila mwenye tundu pana anaijua. Sikio hilo liliruka milimita mbili likabahatika, sasa liache kwenye 5 litulie, ila hicho kipembe cha plastiki kitoe, uweke plagi, yaani pambo fupi la kujaza tundu, lililonyooka na laini. Kipembe ni cha kupitia tu, kinafungua njia halafu kinatoka. Ukilala nacho kinavuta upande mmoja kwa uzito wake, kinakwama kwenye mto, na sikio linapanuka upande.

Swali la wiki saba. Hapa nitakuudhi.

Kwanza, ulipima kiuno cha jasi. Sentimita mbili na nusu za mzunguko ukigawa kwa 3.14 unapata kama milimita 8 za upana, hapo uko sawa, wewe ni fundi. Lakini hukupima midomo, yaani kingo zake mbili zilizo pana. Umesema mwenyewe jasi limebonyea katikati kama kigurudumu cha uzi. Kiuno kinakaa ndani ya tundu, ila ili kifike kukaa, mdomo mmoja lazima upite kwanza. Zungusha uzi kwenye mdomo. Ukipata milimita 31, upana ni 10, na hiyo 10 ndiyo safari yako. Wengi wanaumia hapa: wanafika kipimo cha kiuno wanashangilia, kisha wanausukuma mdomo kwa nguvu na kuchana kazi ya mwaka mzima kwa sekunde moja.

Pili, hesabu. Kushoto unarudi kwenye 3 na unapumzika miezi mitatu, bila kusogeza chochote, hata kama litaonekana limepona mwezi wa kwanza. Nje hupona kabla ya ndani. Kisha unapanda milimita moja moja. Kati ya hatua na hatua, wiki sita mpaka nane ni kima cha chini kwa vipimo vidogo, na kadiri unavyopanda unangoja zaidi. Tuseme miezi miwili kwa kila hatua ya 4, 5, 6 na 7, hiyo ni minane. Kisha miezi mitatu kwa kila hatua ya 8, 9 na 10, hiyo ni tisa. Ongeza mitatu ya mapumziko: mwaka mmoja na miezi minane. Na hayo ni mahesabu ya karatasini. Sikio lenyewe halina kalenda. Kuna watu ngozi yao inaachia upesi na kuna ambao inachukua mara mbili.

Unapima lastiki kila siku, kwa hiyo hili utalielewa kuliko wengi: ukiivuta kidogo kidogo inakupa, ukiivuta kwa mkupuo nyuzi za ndani zinakatika na haijirudi tena. Tena mruko wako wa 3 hadi 5 uliomba tundu liongezeke kwa theluthi mbili ya lilivyokuwa, kwa usiku mmoja. Kutoka 9 kwenda 10 ni kama sehemu moja ya tisa tu. Hata 3 kwenda 4 ingekuwa theluthi nzima: milimita ni ileile moja, mzigo si uleule. Na pale palipochanika panajengwa kovu. Kovu haliachii kama ngozi ya asili, kwa hiyo mwenye haraka anachelewa zaidi kwenye hatua zinazofuata. Bibi zetu wa pwani walikunja ukindu ukawa duara, wakautia kwenye ndewe, ukawa unajikunjua polepole wenyewe, kisha wakaongeza mkunjo mwingine. Walianza utotoni. Wamaasai na Wagogo nao wana njia zao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anawahi harusi ya wiki saba.

Utajuaje kwamba wakati wa kupanda umefika? Plagi inacheza. Unaisukuma kwa kidole inasogea mbele na nyuma bila ngozi kufuatana nayo, na ukiitoa, tundu linabaki wazi kidogo kabla halijajikusanya. Likibana, bado. Siku yenyewe, oga maji ya moto kwanza ili ngozi ilainike, nawa mikono, kanda ndewe kwa mafuta safi kama dakika tano (ya nazi iliyochujwa vizuri au ya zeituni yasiyo na manukato, na kama utapata ya jojoba ni bora zaidi), kisha ingiza. Unaruhusiwa kuhisi mbano na joto kidogo linalopoa baada ya muda. Uchungu mkali, damu, ngozi kung'aa na kugeuka nyeupe kwa kubanwa, hizo ni amri za kurudi nyuma. Rudisha ya zamani, ngoja mwezi, jaribu tena. Haupotezi kitu.

Huo ukandaji wa mafuta ufanye pia siku za kungoja, kila jioni, lakini kwenye sikio lililopona tu. Kwa kweli ningechagua kimoja tu kati ya yote niliyoandika, ningechagua huo. Ndewe iliyokandwa inabaki nene na laini.

Seti nyingi za dukani zinatoka 6 zinaruka 8. Hapo wengi huanguka. Tafuta ya 7. Ukiikosa, kuna njia ya mafundi bomba: ule utepe mweupe mwembamba usio na gundi wanaouzungushia kwenye koki. Mpya, kutoka kwenye pakiti yake, unazungusha tabaka moja au mbili juu ya plagi iliyooshwa, unavaa, na baada ya wiki kama sikio limetulia unaongeza tabaka. Hata hivyo usiutumie kamwe kwenye kidonda.

Kuhusu kitu cha kuvaa baada tu ya kupanua: titani ya daraja la kupandikizwa mwilini, chuma cha pua cha 316L, au kioo imara kilicho laini. Plastiki ya akriliki haistahimili kuchemshwa na ina mikwaruzo inayoficha uchafu. Mpira wa silikoni unashika ngozi mbichi na kuichana. Mti, mfupa na pembe vinanyonya maji ya kidonda. Vyote hivyo vingoje sikio lipone kabisa. Plagi iwe na mdomo upande mmoja tu, nyuma ishikwe kwa pete ndogo ya mpira isiyobana. Hereni za bei chee mara nyingi zina nikeli, na kama uliwahi kuwashwa na saa au kifungo cha jinzi, wewe huiwezi, chagua titani au kioo.

Na fedha ya bibi? Fedha inapokutana na jasho na maji ya kidonda inabadilika rangi, na inaweza kuacha doa jeusi ndani ya ngozi lisilotoka kwa kusugua. Majasi ni ya sikio lililopona, na uyavae kwa saa za shughuli, uyavue ukirudi.

Umeuliza kama masikio yatarudi. Mwenye kukuahidi kipimo cha uhakika anakudanganya. Matundu madogo hujirudi sana ukiacha mapema. Ukifika 8 au 10, watu wengi hawarudi tena kwenye tundu la hereni ya kawaida, wanabaki na mpasuko unaoonekana, na dawa yake ni daktari kushona kwa ganzi. Nawe unalenga 10. Kwa hiyo usilipuuze swali hilo kwa sababu umelitia mwisho wa barua. Na kuna moja hukuniambia: je, katika ukoo wenu kuna mtu mwenye kovu linalokua na kupanda juu kuliko jeraha lenyewe, la chanjo begani au la hereni? Kama mama au dada zako wanalo, mwanangu, ningeacha hapo hapo, kwa sababu makovu hayo hurithiwa na ngozi yetu nyeusi huyapata zaidi. Mwenye sukari isiyotulia pia namwambia aache.

Mama yako. Kuhusu uhuni simuungi mkono. Ndewe zilikuwa kwenye ukoo wenu kabla mtandao haujazaliwa, na hayo majasi hayakutoka kwa mtu baki. Kuhusu mlango uliofungwa, namuunga mkono kwa sauti kubwa. Mwonyeshe hilo sikio leo, atakukaripia, kisha atakusaidia kuona nyuma ambako wewe hufiki kwa kioo. Muulize pia bibi alianza akiwa na umri gani. Ninahisi jibu lake litakusaidia kuliko la kwangu.

Harusi je? Peleka majasi kwa sonara unayemwamini. Usikubali atoboe fedha wala ayeyushe chochote. Mwambie azungushe waya mwembamba kwenye kiuno cha jasi, autokeze juu kama kikulabu, uyaning'inize. Sikio la kulia, ukishalipumzisha na halina kidonda, linaweza kubeba kikulabu hicho kwa saa chache kama jasi si zito. La kushoto, lisipokuwa limepona siku hiyo, usilitundike kitu. Jasi la pili livae kwenye mkufu, shingoni, au libane kwenye mtandio. Wewe ni fundi, utalibania vizuri kuliko mimi ninavyoeleza. Harusi ikiisha waya unatoka, jasi linabaki kama bibi alivyoliacha.

Ukishazungusha uzi kwenye ile midomo, niandikie umepata milimita ngapi. Ikizidi 38, maana yake upana umevuka 12, na hapo tutaongea upya kuanzia mwanzo, pamoja na mama yako.

Shangazi